Kwenda Tezi na Omo: Kazi ya Ughaibuni, Mashua Yako na Hesabu ya Kustaafu Mapema

Ukifika Matondoni, kijiji cha mafundi wa vyombo kwenye kisiwa cha Lamu, utaikuta mashua imelazwa mchangani, mbao zake bado mbichi, na fundi akipiga misumari bila haraka. Chombo kama hicho kina mwenyewe, na mara nyingine mwenyewe hayuko Lamu. Yuko Dubai, Doha au Riyadh, amevaa ovaroli, anahesabu miaka.

Si kila Mkenya aliye nje anaweka pesa za ploti Kitengela au nyumba za kukodisha. Wako wanaotaka kitu kimoja tu: wafanye kazi ya mshahara mkubwa kwa miaka kadhaa, warudi wakiwa bado na nguvu, wawe na chombo chao, wasiajiriwe tena. Asubuhi ni kuangalia upepo, si kuangalia saa ya kuingia zamu. Wengine wanaiita kustaafu mapema. Wengine wanasema tu, "Nikirudi, narudi baharini."

Sisi kazi yetu ni pesa kwenye simu, na pesa za ndoto hii nyingi hupita hapo. Mwaka 2024 Wakenya walio nje walituma nyumbani zaidi ya dola bilioni 4.9, kwa hesabu za Benki Kuu ya Kenya. Ndani ya fungu hilo kuna karo, kuna hospitali, kuna mabati, na kuna mbao za mashua. Kwa hivyo leo tuketi chini tufanye hesabu hii pamoja, polepole. Je, inawezekana? Na kama inawezekana, ni kwa miaka mingapi na kwa masharti gani?

Kwanza: mshahara wa kweli ni upi?

Makosa mengi huanza pale mtu anaposikia tarakimu moja na kuizidisha kwa bei ya shilingi. "Nitalipwa laki na ishirini!" Ngoja kwanza. Kuna mambo manne ya kuuliza kabla hujafurahi.

*Mshahara wa msingi ni ngapi, na marupurupu ni ngapi?* Hili lina uzito kuliko watu wanavyodhani, na tutaona sababu hapa chini.

*Malazi na chakula ni juu ya nani?* Qatar, kwa mfano, iliweka kima cha chini cha mshahara cha riyali 1,000 kwa mwezi kuanzia Machi 2021. Mwajiri asipotoa malazi na chakula, anatakiwa kuongeza riyali 500 za malazi na 300 za chakula. Riyali 1,000 ni kama shilingi 35,000 dola ikiwa 129. Ukiwa na kazi ya shilingi 30,000 hapa nyumbani na unalala kwako, jiulize kama unapanda ndege kwa sababu ya faida au kwa sababu ya jina tu.

*Kuna kodi?* Falme za Kiarabu, Qatar na Saudi Arabia hazikati kodi ya mapato kwenye mshahara wa mfanyakazi. Hiyo ni nafuu kubwa. Lakini PIN yako ya KRA hukuiacha uwanja wa ndege. Ritani za kila mwaka mwisho wake ni tarehe 30 Juni, basi waulize KRA hali yako ukiwa nje ni ipi, usirudi ukakute faini zimejipanga.

*Ukimaliza kazi, unapewa nini?* Nchi za Ghuba nyingi zina malipo ya mwisho wa utumishi. Katika Falme za Kiarabu, ukishafanya mwaka mmoja au zaidi, unahesabiwa siku 21 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka katika miaka mitano ya kwanza, na siku 30 kwa kila mwaka unaofuata. Jumla yake haiwezi kuzidi mshahara wa miaka miwili. Angalia neno hilo: *msingi*. Marupurupu hayahesabiwi.

Hesabu ya fundi wa umeme

Tuchukue mfano. Si mtu fulani, ni mfano tu, lakini tarakimu zake tumeziweka karibu na maisha. Fundi wa umeme wa Mombasa, ana miaka 33, ana mke na watoto wawili. Anapata kazi Dubai kwa dirham 3,500 kwa mwezi: msingi 2,000, marupurupu 1,500. Kampuni inampa malazi na basi la kwenda kazini. Dirham moja tuiweke shilingi 35.

- Mshahara: 3,500 × 35 = shilingi 122,500
- Chakula, simu, nguo na mambo madogo madogo huko: dirham 900 = shilingi 31,500
- Matumizi ya nyumbani Mombasa: shilingi 36,000
- Kinachobaki: shilingi 55,000

Kwa mwaka mzima hiyo ni shilingi 660,000. Lakini kuna mwezi wa likizo, kuna msiba, kuna mtoto anayelazwa hospitali. Tuseme anaokoa 600,000 kwa mwaka, na anafanya hivyo miaka minane bila kukosa.

Akiziweka chini ya godoro, ni milioni 4.8. Akiziweka mahali panapompa asilimia 8 kwa mwaka baada ya kodi, zinakuwa kama milioni 6.38. Tofauti hiyo ya zaidi ya milioni moja na nusu hakuifanyia kazi kwa mikono. Imeletwa na riba juu ya riba.

Ongeza malipo ya mwisho wa utumishi. Miaka mitano ya kwanza: siku 21 za msingi wa dirham 2,000 ni dirham 1,400 kwa mwaka, jumla 7,000. Miaka mitatu inayofuata: 2,000 kila mwaka, jumla 6,000. Yote ni dirham 13,000, yaani shilingi 455,000. Lau mkataba wake ungesema msingi ni 3,500 yote, angepata dirham 22,750, karibu shilingi laki nane. Mshahara wa kila mwezi ungekuwa ule ule, kazi ile ile, joto lile lile. Tofauti iko kwenye karatasi aliyotia sahihi siku ya kwanza. Ndiyo maana tunasema soma mkataba kabla ya kusherehekea.

Basi akiwa na miaka 41 fundi wetu ana takriban milioni 6.8. Ni pesa nyingi. Sasa swali lenyewe.

Je, zinatosha kustaafu?

Wanaozungumzia kustaafu mapema duniani hutumia kipimo kimoja: uwe na akiba mara 25 ya matumizi yako ya mwaka, kisha utoe asilimia 4 mwaka wa kwanza na kuongeza kidogo kila mwaka kufuatana na bei za vitu. Kipimo hiki kilitokana na hesabu za mshauri wa fedha wa Marekani, William Bengen, mwaka 1994. Aliangalia soko la hisa na dhamana za huko kwao, na muda aliofikiria ni miaka 30. Kwa hivyo kwetu si sheria. Ni fimbo ya kupimia kina cha maji tu, ujue kama chombo kitapita au kitakwama.

Tupime basi. Familia hii leo ingetosheka na shilingi 40,000 kwa mwezi baba akiwa nyumbani. Lakini leo si miaka minane ijayo. Lengo la serikali ni mfumuko wa bei wa asilimia 5, kupanda au kushuka 2.5. Bei zikipanda kwa 5 kila mwaka, shilingi 40,000 za leo zitakuwa kama 59,000 wakati huo. Mashua pia haitangoja. Tuseme chombo, tanga, injini ya akiba na vifaa vya usalama vinagharimu milioni 2 leo. Miaka minane baadaye ni karibu milioni 2.95.

Toa mashua kwenye milioni 6.8. Toa tena pesa za dharura za miezi sita. Kinabaki kama milioni 3.5. Gawanya kwa 25, upate 140,000 kwa mwaka, yaani kama shilingi 11,700 kwa mwezi. Familia inahitaji 59,000.

Ukweli ndio huo, na ni bora uujue sasa kuliko uukute ufukweni. Miaka minane ya Dubai kwa mshahara huu inanunua chombo na inaweka msingi mzuri, ila haitoshi kulipia kustaafu kamili. Akikaa miaka 12 kwa mpango huo huo, akiba itabeba zaidi kidogo ya thuluthi ya matumizi. Lakini mtoto aliyemwacha na miaka sita atakuwa na kumi na minane, na miaka hiyo haina benki ya kuitoa.

Tena, akirudi na miaka 41, NSSF haitamsaidia haraka. Mafao ya kustaafu mapema huanza ukifika miaka 50, na umri wa kawaida ni 60. Kuna miaka tisa hapo katikati ambayo lazima ajitegemee mwenyewe.

Je, ndoto imekufa? Hapana, inabadilika sura. Kuna njia kadhaa za kuziba pengo lile, na watu wengi huchanganya mbili au tatu:

- *Chombo kifanye kazi.* Fundi wetu anahitaji kama shilingi 47,000 kwa mwezi kutoka baharini, baada ya kulipa gharama zote. Kwa pesa za leo ni kama 32,000. Huku ni kustaafu kuajiriwa. Kazi bado ipo.
- *Chombo kiwe kidogo, au kiwe cha wenza.* Milioni 2 si lazima. Mashua ndogo iliyotumika, au chombo cha watu watatu wanaoaminiana na walioandikiana, huacha pesa nyingi zaidi kwenye akiba.
- *Mke au mume awe na chake.* Duka, cherehani, ushonaji, ualimu. Nyumba yenye vyanzo viwili vya pesa haiyumbi upepo ukikata.
- *Ufundi usitupwe.* Fundi wa umeme Lamu au Kilifi hakosi kazi ya siku mbili tatu kwa wiki, hasa umeme wa jua. Siku zilizobaki ni za baharini.

Pesa zisikae kwenye simu

Inaweza kuonekana ajabu sisi kusema hivi, lakini tunasema: simu ni njia ya pesa, si ghala la pesa za miaka minane. Pesa za matumizi, sawa. Pesa za dharura ndogo, sawa. Akiba ya mashua, hapana.

Haikai kwa sababu tatu. Salio lako la simu halikui. Liko karibu na kidole, na pesa iliyo karibu na kidole huliwa. Na lina kikomo: kiasi cha juu cha salio kinachoruhusiwa ni shilingi 500,000, muamala mmoja ni 250,000, na kwa siku ni 500,000.

Basi ikae wapi? Hatuwezi kukuchagulia, ila tunaweza kukuonyesha milango.

Kuna dhamana za serikali. Mwaka 2023 Benki Kuu ilizindua mtandao wake mpya wa kununulia hati fungani, na jina lake ni DhowCSD. Naam, hata Benki Kuu imepanda jahazi. Mkenya aliye nje anaweza kufungua akaunti kwa simu yake akiwa na akaunti ya benki ya Kenya. Hati za muda mfupi ni za siku 91, 182 na 364. Bondi ni za miaka. Anayejua atarudi baada ya miaka minane anaweza kupanga bondi zinazoiva karibu na mwaka huo.

Kuna mifuko ya soko la fedha, ambayo inakubali kiasi kidogo kidogo na unaweza kutoa bila kungoja sana. Hakikisha mfuko umepewa leseni na CMA. Na kuna Sacco, ambazo zinakupa gawio na uwezo wa kukopa. Zinazopokea amana husimamiwa na SASRA. Kama hujaliona jina kwenye orodha ya msimamizi, usitume hata shilingi, hata kama aliyekuletea habari ni shemeji.

Kuhusu kutuma, angalia mambo mawili: ada na bei ya kubadilisha. Wengi huangalia ada tu. Kampuni inaweza kukuambia "kutuma ni bure" kisha ikakupa bei mbaya ya shilingi. Kipimo ni kimoja: nikitoa dirham 1,000 mfukoni, zitafika shilingi ngapi kamili? Linganisha hiyo.

Na kumbuka shilingi yetu hupanda na kushuka. Dirham, riyali ya Saudi na riyali ya Qatar zimefungwa kwa dola, lakini shilingi haijafungwa. Januari 2024 dola ilifika karibu shilingi 160, na kabla mwaka haujaisha ilikuwa kama 129. Dirham 1,000 zilizotumwa Januari zilikuwa kama shilingi 43,500. Baadaye zilikuwa kama 35,100. Dirham hazikupungua hata moja. Kwa hivyo hesabu zako zifanye kwa bei ya chini, na ikipanda uichukue kama bahati.

Pesa za mashua zifuate mbao

Hapa ndipo ndoto nyingi huvuja. Mtu yuko nje, pesa anazituma kwa jamaa, jamaa ana shida zake, na mwaka wa tatu mashua bado ni mkuku tu mchangani. Si lazima jamaa awe mwizi. Pesa ya mashua ikipita mkononi mwa mtu ambaye mtoto wake amerudishwa nyumbani kwa karo, itageuka karo.

Dawa si kugombana. Dawa ni kupanga malipo yafuate kazi. Andikianeni na fundi, mbele ya wakili au mzee anayeheshimiwa, na mgawanye malipo kwa hatua: mkuku ukilazwa, mataruma yakisimama, mbao zikimaliza kufungwa, kalafati ikimalizika, na fungu la mwisho siku ya kushua chombo. Kila hatua iwe na picha. Kila malipo yaende moja kwa moja kwa fundi au kwa till ya muuza mbao. Ujumbe wa malipo usiufute. Ndio risiti yako.

Na jamaa mpe nafasi yake ya heshima: awe jicho lako. Mazungumzo yanaweza kuwa hivi:

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu. Habari za huko?"

"Salama. Fundi amefika wapi?"

"Mataruma yamesimama yote. Sasa ataka pesa za mbao."

"Ami, naomba picha, kisha nitamtumia muuza mbao mwenyewe. Wewe nakutumia nauli ya kwenda Matondoni na ya chai."

"Hapo umefanya vyema. Na mimi nitazihesabu mbao zikishuka."

Hakuna aliyevunjiwa heshima, na pesa imekwenda ilikotumwa. Fanya hivyo hivyo na matumizi ya nyumbani: karo ilipe kwa paybill ya shule, tokeni za stima nunua ukiwa huko huko, na michango ya SHA ya familia usiiache. Kisha mama watoto abaki na pesa ya matumizi ambayo hahitaji kuitolea maelezo kila siku.

Bahari ina misimu yake

Mshahara wa Dubai huja kila mwezi. Bahari hailipi hivyo. Kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi, na huo ndio wakati wa wageni wengi na bahari tulivu kiasi. Kusi huanza kushika Aprili na kuendelea hadi Septemba hivi. Katikati yake bahari huchafuka na vyombo vidogo hukaa nanga. Mvua za masika zikifika, hoteli nyingi za Lamu hufunga kwa muda. Ukihitaji shilingi 47,000 kwa mwezi kwa miezi 12, hesabu ya kweli ni kuzipata zote, shilingi 564,000, ndani ya miezi saba au minane. Kwa hivyo weka akaunti ya pembeni: kila safari ya kaskazi, sehemu yake inawekwa kwa ajili ya kusi.

Chombo nacho kinakula hata kikiwa kimelala. Kinapandishwa juu, kinakwanguliwa, kinatiwa kalafati upya, kinapakwa shahamu au rangi. Tanga linachanika. Kamba zinachakaa. Tenga fungu la matengenezo kabla ya kugawa faida, usingoje maji yaingie.

Na chombo cha kubeba watu kwa malipo si suala la kujifungulia kamba ukaondoka. Mamlaka ya Bahari ya Kenya, KMA, hukagua vyombo vidogo na kutoa leseni. Jaketi okozi ziwe za kutosha kila abiria, na nahodha awe na cheti. Gharama hizi ziingie kwenye bajeti tangu leo.

Jambo moja zaidi: jaribu kabla ya kununua. Ukija likizo ya mwezi mmoja, usiimalize kwa sherehe. Omba ubaharia kwa nahodha anayejua, uende naye wiki mbili, na uende wakati wa kusi, si kaskazi tu. Wahenga walisema usisafirie nyota ya mwenzio. Picha ya rafiki akiwa na miwani usukanini haikuonyeshi alivyokesha usiku akichota maji ngamani.

Kabla hujapanda ndege

Hesabu zote hizi zinaanguka ukitapeliwa mwanzoni, na matapeli wanajua ndoto zetu vizuri. Zingatia haya:

- *Hakiki wakala.* Mawakala wa ajira za nje husajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, NEA. Tafuta jina kwenye orodha yao kabla ya kutoa cheti chako cha kuzaliwa.
- *Usilipie kazi.* Sheria ya kazi ya Falme za Kiarabu inamkataza mwajiri kumtoza mfanyakazi gharama za kumwajiri. Na kama unatafuta kazi melini, Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa 2006, ambao Kenya iliuridhia, unakataza mabaharia kutozwa ada ya kutafutiwa kazi. Utakayolipia ni kama cheti cha daktari, kitabu cha ubaharia na pasipoti. Viza ni juu ya mwenye meli.
- *Namba ya mtu binafsi ni ishara mbaya.* Ofisi inayokwambia utume "ada ya viza" kwa laini ya mtu, tena "leo kabla ya saa kumi", jua unavuliwa kama samaki. Ukishatuma, piga simu huduma kwa wateja papo hapo. Kila dakika ina maana.
- *Usikope kwa programu za mikopo ili kuondoka.* Deni la riba kubwa hula miezi ya kwanza, na hiyo ndiyo miezi ambayo moyo bado haujazoea.
- *Acha nakala nyumbani.* Mkataba, pasipoti, jina la mwajiri na namba ya ubalozi viwe kwa mtu unayemwamini.

Na laini yako ya simu? Isajiliwe kwa jina lako, iwe hai, na uhakikishe inafanya kazi ukiwa nje kabla ya kuondoka, maana laini isiyotumika muda mrefu inaweza kufungwa na kupewa mwingine. Usimwachie mtu PIN, hata mama, si kwa sababu humwamini bali kwa sababu anayempigia mama akijifanya ni sisi atamwomba hiyo PIN. Sisi hatuiombi kamwe.

Weka mwaka wa kurudi

Watu wa mwambao wana msemo: kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Utazunguka nyuma na mbele ya chombo, mwisho utarudi tumboni mwake. Wanaokwenda nje bila mwaka wa kurudi hujikuta wanaongeza "mkataba mmoja tu", kisha mwingine, mpaka goti linaanza kuuma na chombo hakijawahi kuguswa na maji.

Basi leo jioni chukua karatasi. Andika mistari mitano: nitaokoa ngapi kwa mwezi, chombo ni bei gani, familia itahitaji ngapi kwa mwezi nikirudi, pengo litazibwa na nini, nitarudi mwaka gani. Msome pamoja na mwenzio, kwa sababu miaka hiyo ni yake pia. Kama mstari wa nne uko wazi, hujawa tayari kuacha kazi, lakini uko tayari kuanza kuweka.

Kila Januari itoe karatasi hiyo, weka bei mpya ya shilingi na bei mpya ya mbao, uone kama mwaka wa kurudi umesogea karibu au umesogea mbali. Ukiwa na swali kuhusu vikomo vya miamala, kupokea pesa kutoka nje au kutambua utapeli, tupigie au tembelea ajenti aliye karibu nawe. Safari njema, na upepo uwe mwema ukirudi.